Hapumziki Hata Jumamosi

Shule yetu ya uandishi wa habari ilitoa machapisho matatu, na nikiyafikiria leo sioni hata moja lililostahili wino wake. Kulikuwa na gazeti la kila wiki mbili, ambalo lilitoka lilipojisikia. Kulikuwa na jarida la kitaaluma lenye jalada la kijivu, ambamo wahadhiri waliandikiana wao kwa wao. Na kulikuwa na toleo maalumu la kila mwaka, kubwa, la karatasi ya kung'aa, lililotumwa kwa mabalozi, makatibu wa wizara na mtu yeyote aliyeonekana anaweza kuipa shule kamera au taipureta. Gazeti lilisomwa na walioliandika, na kila mmoja alisoma ukurasa wake tu. Jarida lilisomwa na mpiga chapa kwa sababu alilazimika. Toleo maalumu halikusomwa na mtu. Lilitazamwa.

Nilikwenda huko mwanzoni mwa miaka ya sabini nikitokea Gesima. Nilikuwa binti wa watu wa chai na ndizi, Wasabato wa kwelikweli, na nilikuwa na imani kubwa na chochote kilichochapishwa. Katika miaka ya sitini gazeti lilifika kwetu likiwa limefungia nyama au sukari. Baba yangu alilinyoosha juu ya goti, akanipa nisome kwa sauti. Habari nyingi nilizijua nusu, kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa imekwenda na nyama ya jirani. Hata hivyo nilidhani kwamba walioandika maneno yale walikuwa watu waliokwenda, wakaona, wakauliza. Nilipofika chuo kikuu nikawakuta wenyewe, imani hiyo ikaniisha taratibu, na siwezi kusema ilinisikitisha sana. Kilichonisikitisha kilikuja baadaye.

Mhariri wa toleo maalumu katika mwaka wangu wa pili alikuwa mwanafunzi mwenzetu, mtoto wa mkubwa mmoja serikalini. Alivaa koti zito la kodrai hata kwenye jua kali, na alikuwa na kiko ambacho sikuwahi kukiona kikitoa moshi. Alipenda kusema "msomaji wetu anataka hiki" au "msomaji wetu hataki kile," kana kwamba msomaji huyo alikuwa mtu mmoja aliyepanga chumba kwao. Juu yake alikuwa mhadhiri kutoka Ulaya, mtu mrefu, mpole, aliyetufundisha kwamba habari ni jambo linalomshangaza mtu. Yeye mwenyewe alishangazwa na kila kitu kilichotokea nje ya mji. Kwa hiyo kila kitu cha mashambani kilikuwa habari, na hakuna kilichohitaji kuulizwa mara mbili.

Mwaka ule waliamua kwamba toleo maalumu litahusu nyanda za juu za Kisii. Waliniweka kwenye msafara kwa sababu nilijua lugha. Mhariri aliniambia hivyo hivyo bila kuficha.

"Wewe utatufungulia milango," alisema. "Uandishi tutausaidia."

Tuliondoka Nairobi kwa Landrova ya chuo: mhariri, mimi, mpiga picha na dereva. Mpiga picha alikuwa kijana wa Nakuru, mkimya, aliyeshikilia kamera ya shule kama mtu aliyeazimwa mtoto mchanga. Aya ya kwanza ya habari kuu mhariri alikuwa ameshaiandika kabla hatujavuka Kericho. Ilizungumzia ukungu uliofunika vilima. Siku hiyo hapakuwa na ukungu popote. Kulikuwa na jua, na vumbi lililotuingia mpaka kwenye meno.

Kisii mjini mhariri alichagua hoteli yenye baa na veranda, akaketi, akaagiza chai kwenye birika, akatutangazia kwamba yeye atabaki pale.

"Mtu mmoja lazima ashike sauti ya jumla," alisema. "Ninyi nendeni mkaniletee vipande."

Basi alibaki akishika sauti ya jumla kwa muda wote tuliokuwa huko. Alichokiona cha nyanda za juu za Kisii ni barabara iliyopita mbele ya veranda na wahudumu waliomletea mayai.

Mimi na mpiga picha tulikwenda kwetu Gesima siku ya Ijumaa. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Wasabato anajua Ijumaa ni siku ya namna gani. Chakula cha kesho kinapikwa leo, nguo zinapigwa pasi, kuni na maji yanaingia ndani, ng'ombe anakatiwa nyasi za siku mbili, na yote hayo lazima yaishe kabla jua halijazama, maana likizama Sabato imeingia. Mama alikuwa amedamka kuchuma majani chai ili ayafikishe kituoni mapema, arudi ashughulike na nyumba. Tulimkuta shambani kikapu kikiwa karibu kujaa pomoni.

"Baba!" nilimwita, na mpiga picha akageuka huku na huku akimtafuta mwanamume. Nikamweleza kwamba kwa Kigusii mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata. Alicheka, na nadhani hapo ndipo mama alipompenda.

Aliomba ruhusa ya kumpiga picha. Mama alikataa kwanza, kwa kuwa alikuwa amevaa gauni la shamba na kitambaa kilichochanika. Kisha akakubali kwa masharti kwamba amsubiri akafunge kitambaa kingine. Alirudi na kile cha kijani alichokipenda. Alikuwa na majivuno yake, mama yangu, na sioni kwa nini nimfichie. Mpiga picha alitazama juu, akakunja uso.

"Jua limekuwa kali mno," alisema. "Mama, naweza kurudi kesho asubuhi? Mwanga wa asubuhi ni mzuri zaidi."

Nilimtafsiria mama. Alinitazama mimi, si yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyesema upuuzi.

"Mwambie kesho sina kikapu, sina shamba, sina chai. Kesho nina kanisa."

Kwa hiyo picha ikapigwa pale pale, saa tano na kitu, mama akiwa amesimama kwenye chai iliyomfika kiunoni, mikono imejaa majani. Hakutabasamu. Alitazama kamera kama anayemngoja mtu amalize kusema. Ilikuwa picha nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa nzuri, na ndicho kitu pekee kizuri kilichotoka katika safari ile.

Mimi niliandika habari yangu juu ya Ijumaa. Niliandika jinsi kituo cha kununulia majani kinavyofurika asubuhi ya Ijumaa, Wasabato wakiharakisha kabla ya Sabato, na jinsi majirani Wakatoliki wanavyowaachia nafasi kwenye foleni, wao wakijua kesho kituo kitakuwa chao peke yao na hakuna kusukumana. Nilidhani ni jambo dogo lakini la kweli, na lilikuwa linaonyesha namna watu wanavyoishi. Nilimpa mhariri pale kwenye veranda. Alisoma akiwa na kiko mdomoni.

"Ina dini nyingi," alisema.

"Ndivyo watu walivyo."

"Msomaji wetu anataka kuona jasho. Usijali, nitaigusa kidogo."

Aliigusa. Mimi sikujua alivyoigusa, kwa kuwa kurasa zilipangwa jioni huko kwenye kiwanda cha uchapaji, na wasichana hatukuruhusiwa kwenda huko jioni. Wahadhiri walisema ni kwa usalama wetu. Nilikuja kuona toleo likiwa tayari limechapwa na kutumwa. Picha ya mama ilijaza ukurasa mzima. Chini yake, kwa herufi nene za Kiingereza, iliandikwa kwamba mama huyu wa Gesima hapumziki hata Jumamosi. Kwamba asubuhi ya Jumamosi, wakati wengine wamelala, yeye yuko shambani akiijenga nchi. Habari yangu ya Ijumaa ilikuwa imepotea yote. Mahali pake palikuwa na kipande kilichoimba wimbo huo huo wa Jumamosi na jasho, na juu ya kipande hicho lilikuwepo jina langu kamili.

Nilimfuata mhariri katika chumba cha kusomea.

"Umeandika Jumamosi. Ilikuwa Ijumaa."

"Jumamosi ina nguvu zaidi," alijibu, hata hakuinua kichwa. "Ijumaa kila mtu anafanya kazi. Jumamosi inaonyesha bidii."

"Mama yangu ni Msabato."

"Basi? Nimemsifu."

Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akaniambia toleo limesifiwa na mabalozi wawili, kisha akaniuliza kama ningependa kupewa nakala za ziada.

Nilijiambia kwamba hakuna mtu wa Gesima atakayeliona toleo lile, kwa maana machapisho yetu hayakuwahi kufika mahali ambapo watu wanasoma. Lakini safari hii shule ilikuwa imeona fahari kupita kiasi. Ilikuwa imetuma bunda zima kwa ofisi za wilaya, na ofisi hizo zikagawa kwa walimu wakuu. Mwalimu mkuu mmoja kule kwetu alikuwa pia mzee wa kanisa letu.

Siku moja niliitwa getini kwenye bweni la wasichana. Tata alikuwa ameketi kwenye jiwe, kofia juu ya goti, toleo maalumu likiwa limekunjwa kwapani. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Kisii, yeye ambaye hakupenda hata kufika Keroka. Hakunisalimia. Alilifungua kwenye ukurasa ule, akaweka kidole juu ya jina langu.

"Hii ni wewe umeandika?"

"Hapana, Tata."

"Jina ni la nani?"

"Ni langu."

"Basi nieleze, maana mimi sikusoma sana. Mtu anawezaje kuandika kwa mkono wake jina lako?"

Nilimweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe ubovu wa maelezo yale. Niliongea juu ya mhariri, juu ya kupanga kurasa, juu ya msomaji wetu. Tata alikuwa akiitikia kwa kichwa bila kuamini wala kukataa. Kisha akaniambia yaliyotokea nyumbani.

Mzee wa kanisa alikuwa ameyasoma maneno ya chini ya picha ile mbele ya baraza la kanisa na kuyatafsiri kwa Kigusii neno kwa neno. Mama alisema ilikuwa Ijumaa. Wakamwambia binti yako mwenyewe, msomi wa chuo kikuu, anasema Jumamosi, tumwamini nani? Mama ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaowashonea nguo wasiojiweza, na alikuwa mkali. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amemkaripia mwanamke mmoja hadharani kwa kukutwa akikata kuni siku ya Sabato. Mwanamke huyo hakusema kitu barazani. Hakuwa na haja. Mama akaondolewa katika uongozi, akawekwa chini ya maonyo, akaambiwa aketi benchi la nyuma mpaka shauri liishe. Mwanamke wa kuni ndiye aliyepewa kikundi.

"Analia?" nilimuuliza Tata.

"Mama yako? Hapana. Amenyamaza. Ni vibaya zaidi."

Nikaenda kwa mhadhiri siku hiyo hiyo, Tata akiwa bado ameketi getini. Mhadhiri alinikaribisha vizuri sana, akanipa kiti, akasikiliza yote, na macho yake yakaanza kung'aa kwa namna ambayo haikunipendeza.

"Lakini hili linavutia mno," alisema. "Unasema picha ya gazeti imesababisha adhabu ya kidini?"

"Nasema mmeandika uongo juu ya mama yangu, na nataka mseme hivyo kwa maandishi."

Alieleza kwamba toleo maalumu ni chapisho la mafunzo. Chapisho la mafunzo lina makosa kwa asili yake, ndiyo maana ya mafunzo. Lakini kwa kuwa nimefika mbali, ataangalia uwezekano wa kuweka sahihisho dogo katika lile gazeti la kila wiki mbili. Nilimwandikia sentensi yenyewe kwenye karatasi: picha ilipigwa Ijumaa asubuhi, si Jumamosi. Maneno hayakuhitaji akili ya mtu yeyote. Yalihitaji kunakiliwa tu.

Gazeti likatoka likiwa limechelewa, kama kawaida. Sahihisho lilikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya matangazo ya dansi. Lilisema kwamba picha ya mama wa Gesima haikupigwa Jumamosi asubuhi kama ilivyoandikwa, bali Ijumaa jioni.

Ijumaa jioni! Mhariri alisema neno asubuhi lilikuwa limeshatumika katika mstari wa juu, na hakupenda kulirudia. Nilimtazama nikajua kwamba mtu huyu ataendelea mbele sana maishani.

Kwa mtu asiye Msabato labda hakuna tofauti. Lakini Ijumaa jioni, jua likishazama, ndiyo Sabato yenyewe. Tata alikuwa ameondoka na ahadi yangu kwamba gazeti litasahihisha, na mzee wa kanisa alikuwa amekubali kungoja. Gazeti lilipofika, aliwasomea watu. Sasa, walisema, gazeti limechunguza upya, na limethibitisha. Hata wale waliokuwa upande wa mama walianza kusema labda alichelewa kidogo, labda alijisahau, ni binadamu.

Hapo nikaacha kabisa kutafuta haki kwenye karatasi. Nilimtafuta mpiga picha. Nilimkuta katika chumba cha giza anakosafishia picha zake, na nilizungumza naye tukiwa tumetenganishwa na mlango, kwa kuwa hakuweza kuufungua. Nilimwambia yote.

"Mimi niliona maneno yale kabla hayajachapwa," alisema kutoka ndani.

"Na?"

"Nilimwambia mhariri si kweli. Aliniambia kazi yangu ni mwanga."

"Utakuja kusema hivyo kwetu?"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kanisa zima."

"Mimi hata si Msabato."

"Ndiyo maana watakusikiliza."

Alikuja. Na hilo nalisema kwa sababu katika shule nzima ile yenye machapisho matatu ni yeye pekee aliyekubali kupanda basi kwa ajili ya neno moja. Tulifika Ijumaa mchana, na safari hii mama alimkaribisha ndani, akampa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, bila kumwuliza alichokuja kufanya. Kesho yake alivaa shati ambalo Tata alikuwa amemwazima, lililompwaya mabegani, tukaenda kanisani sote.

Baada ya masomo ya Sabato mzee wa kanisa alimwita mbele. Mama aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, kitambaa cha kijani kichwani. Mpiga picha alisema kwa Kiswahili na mimi nikageuza kwa Kigusii.

"Picha hii niliipiga mimi," alisema. "Ilikuwa Ijumaa. Jua lilikuwa juu, karibu saa sita. Nilimwomba mama huyu nirudi Jumamosi ili nipate mwanga mzuri, akakataa. Alisema Jumamosi hana kikapu wala shamba."

Watu walinong'ona. Waliyatambua maneno hayo kwamba ni ya mama.

Mzee wa kanisa alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, tena mwalimu. Alipenda kuuliza mpaka mwisho.

"Aliyeandika Jumamosi ni nani?"

"Mhariri."

"Alikuwepo shambani?"

"Hapana, mzee."

"Alikuwa wapi?"

"Hotelini, Kisii mjini."

"Akifanya nini?"

Mpiga picha alinitazama. Sikumsaidia.

"Akinywa chai," alisema.

Kanisa lilicheka, hata wazee wa benchi la mbele. Mzee alingoja kicheko kiishe.

"Na aliyeandika Ijumaa jioni?"

"Ni huyo huyo."

"Akiwa wapi?"

"Nairobi."

Hapo hawakucheka. Mzee alilitazama toleo maalumu lililokuwa mkononi mwake, ile karatasi ya kung'aa, picha kubwa, herufi nene. Kwa miezi alikuwa amelishika kwa heshima, kama kitu kilichotoka juu. Alilikunja, akaliweka kwenye kiti, akaketi juu yake. Sidhani alikusudia. Lakini hakuliondoa.

Mama aliondolewa maonyo siku ile ile. Mzee akamwomba arudi benchi la mbele, na akasema kikundi cha akina mama kinamngoja. Sote tuligeuka kumtazama. Mama alisimama mahali pake.

"Nashukuru," alisema. "Lakini nimekaa hapa nyuma, nimeona mengi. Huyu mama anaongoza vizuri. Mwacheni."

Alikuwa akimsema mwanamke wa kuni, ambaye aliinamisha kichwa. Wengine walisema ni unyenyekevu. Nilimjua mama, kulikuwa na unyenyekevu ndani yake, ndiyo, na kulikuwa na kitu kingine. Aliendelea kuketi karibu na mlango, na kila mzee aliyepita kuingia alilazimika kumsalimia kwanza.

Nilimaliza masomo yangu kwa sababu Tata alinikataza kuacha. Wageni walipoalikwa kwenye sherehe za kutunukiwa vyeti, shule iliweka machapisho yake kwenye meza ndefu, na ukurasa wa mama ulitundikwa ukutani ndani ya fremu yenye kioo, pamoja na Jumamosi yake. Mhariri alisimama chini yake akipeana mikono na wakubwa. Baadaye alipata nafasi katika ofisi ya serikali inayotoa taarifa kwa umma, na kwa miaka mingi kila niliposikia redioni kwamba hali ni shwari, nilijiuliza aliyesema hivyo yuko kwenye veranda gani.

Mimi sikwenda gazetini. Nilirudi kufundisha Kiswahili karibu na Sironga. Waliponiuliza kwa nini, niliwaambia napenda hewa ya kwetu, na ilikuwa kweli kwa kiasi.

Mwaka mmoja hivi baada ya hapo nilitumiwa nakala ya jarida la kijivu. Mhadhiri alikuwa ameandika makala ndefu, yenye maelezo mengi ya chini ya ukurasa, juu ya kisa chetu. Hakutaja jina la mtu yeyote. Alimwita mama "mkulima mmoja asiyejua kusoma," mama ambaye alisoma Biblia ya Kigusii kila asubuhi ya maisha yake na kumaliza akaanza tena. Alimwita mpiga picha "shahidi wa kimapokeo." Kosa la mhariri alilipa nusu ya mstari. Sehemu kubwa ya makala ilihusu tatizo la jamii za vijijini, ambazo, alisema, bado hazijajifunza kusoma magazeti kwa tahadhari na huchukulia kila kilichochapishwa kuwa kweli.

Nililipeleka nyumbani mwisho wa wiki. Mama alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Nilimsomea, nikigeuza kwa Kigusii kadiri nilivyoweza, ingawa kuna maneno katika jarida lile ambayo hayana maana katika lugha yoyote. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Anasema kosa ni letu?" aliuliza nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Kwa sababu tuliamini walichoandika?"

"Ndivyo anavyosema."

Alitupa punje moja mbovu mlangoni, kuku akaifuata.

"Basi hapo amesema kweli," alisema. Kisha akaniambia niache karatasi hizo nitoke haraka nikaanue, kwani mvua ilikuwa imeshafika kilima cha ng'ambo na wimbi lake la uji lilikuwa bado limeanikwa uani.